Kichupa Kinachojua Moja Tu

Sisi tuliokulia Gongoni kabla simu hazijaingia mifukoni tulijua saa kwa masikio. Mtu hakuwa na haja ya kuuliza saa ngapi, alitega sikio tu. Adhana ilituamsha, kengele ya shule ilitukimbiza, treni ya Kigoma ikipiga honi tulijua mama yuko karibu kuinjika ugali, na redio ikitoa ule mlio wake wa pi, pi, pi kabla ya taarifa ya habari, nyumba nzima ilinyamaza kana kwamba mkuu wa wilaya kaingia sebuleni. Leo mjukuu wangu ana saa kwenye simu, ana saa mkononi, ana saa kwenye kompyuta, na bado anafika msibani watu wanarudi kutoka makaburini.

Kwetu redio hazikuwa moja wala mbili, na karibu zote zilikuwa za watu. Baba alikuwa fundi redio. Alifanyia kazi barazani, kwenye meza ya mninga iliyojaa makovu ya moto, na chuma chake cha kulehemu alikipasha kwenye jiko la mkaa umeme ulipokatika, yaani karibu kila siku. Risasi ya kuungia nyaya ikiyeyuka ilitoa moshi wenye harufu kama ya ubani ulioungua. Mpaka leo nikisikia ubani kwenye maulidi nageuka kumtafuta baba, nakuta ni watu wengine.

Nilikuwa binti yake wa pekee, na kwa miaka kumi na moja meza ile niliihesabu kuwa yangu na yake. Kisha akaja Zuhura.

Zuhura ni mtoto wa shangazi yangu, dada wa baba wa tumbo moja. Shangazi aliishi Kigwa, akamleta mwanawe asome mjini. Walishuka kwenye treni na furushi la michembe na matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, na kibuyu cha asali, shangazi akaingia kwetu akitusalimu kwa kilugha, "mwangaluka", kwa sauti ya kuamsha mtaa. Zuhura naye akamwamkia kila mtu shikamoo, hata mimi niliyemzidi mwaka mmoja. Nikamwitikia "marahaba" kwa nguvu sana, maana sikuwahi kuamkiwa na mtu. Siku hiyo nilimpenda. Asali pia ilisaidia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba hakumpa jembe. Alimpa chuma cha kulehemu.

Chanzo kilikuwa mdako. Wenzangu wa rika langu mnaukumbuka mchezo ule: kishimo kidogo, kokoto kumi na mbili, unarusha moja juu, unazikokota zilizo shimoni kabla haijarudi mkononi. Sisi watoto wa mjini tulicheza kwa kelele nyingi na ugomvi. Zuhura alicheza kimya, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Baba alikuwa mezani na bisibisi mdomoni, akatutazama muda mrefu, kisha akasema, "Wewe mtoto, njoo hapa." Niliinuka mimi. Akasema, "Si wewe. Mwenzio."

Baba alikuwa na sheria yake ya kumpa mtu chuma. Sharti uunge nyaya mbili kwa pumzi moja: uvute pumzi, uguse, uondoe chuma, ndipo upumue. Risasi ikipoa iking'aa kama jicho la samaki mbichi, umefaulu. Ikififia kama uji uliolala, unaibandua na kurudia. Zuhura alifaulu siku ya tatu. Mimi nilibandua na kurudia mpaka waya ukabaki mfupi wa kutengenezea hereni. "Una haraka, mwanangu," baba aliniambia. "Risasi haipendi kusukumwa." Akamtengenezea Zuhura kigoda, akakiweka upande wake wa kulia. Mimi nikawa wa kutumwa chumvi.

Nasema wazi, nilimwonea wivu. Sisemi kale ka wivu ka watoto kanakokwisha ukipewa andazi. Niliuonea wivu mgongo wake ulivyoinama karibu na bega la baba. Niliyaonea wivu maneno yao: volti, ampea, njia, mwisho wa njia. Nilikuwa namenya karanga za kupikia nsansa, yale majani ya kunde makavu, huku nawasikia wanacheka kitu kilichomo ndani ya redio, nami sijui ndani ya redio kuna kichekesho gani.

Basi mwaka mmoja baba aliitwa Urambo. Kwenye kituo cha kununulia tumbaku waliletewa mizani ya umeme kutoka ng'ambo, mizani inayoandika uzito kwa namba za moto, na panya wakala nyaya zake zote msimu wa kwanza. Wakulima walifurahi, maana hawakuwahi kuiamini. Baba alihangaika nayo siku mbili akashindwa, wakairudisha mizani ya zamani ya mawe, naye akaomba apewe kichwa cha ile iliyokufa. Akarudi na treni ya usiku, nguo zinanuka tumbaku, na asubuhi yake akatuita sote, mama akiwamo, atuonyeshe.

Vilikuwa vichupa vinne vya kioo, kila kimoja urefu wa kidole cha mwisho. Ndani ya kila kichupa kulikuwa na nyuzi saba nyembamba, kama ule uzi wa balbu ya tochi, zimepangwa kwa umbo la namba nane. Zikiwaka zote unasoma nane. Zikiwaka mbili tu za upande wa kulia, unasoma moja. Baba alichukua mawe mawili ya redio, yaani betri ndogo, akagusisha waya kwenye miguu ya kichupa, mguu mmoja mmoja, na kila alipogusa uzi mmoja uliwaka mwekundu taratibu, kama kaa linalopulizwa. Mama alisema "Subhanallah" akasahau maziwa jikoni.

"Babu yangu alikuwa mpagazi," baba alisema. "Alibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani, na saa yake ilikuwa kivuli cha mzigo wake mwenyewe. Mimi nitatengeneza saa, tena ya Kiswahili, si ya kizungu. Saa inataka tarakimu nne, na Mungu kaleta vichupa vinne."

Vifaa vya kuvifanya vihesabu hakuwa navyo. Aliandika barua Dar es Salaam, aliviulizia kwa Wahindi wenye maduka ya redio, akaambiwa asubiri. Kwa hiyo akavilaza vichupa kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya pamba, kopo likakaa rafu ya juu. Ruhusa ya kulishusha ilikuwa ya watu wawili, yeye na Zuhura. Alilisema hilo wakati wa chakula, mbele ya mama, huku akimega ugali: "Huyu ana mkono. Vichupa hivi ashike yeye." Mlenda uliniganda kooni, na mtu anayeujua mlenda anajua hilo si jambo rahisi.

Ijumaa iliyofuata baba alikwenda msikitini, mama alikwenda kwa jirani, Zuhura alikuwa kisimani. Nikapanda juu ya kigoda chake, nikalishusha kopo.

Sikutaka kuharibu. Nataka mniamini, ingawa ni wivu ulionipandisha pale. Nilitaka baba arudi anikute nimekiwasha kichupa kikali kuliko alivyowahi kukiwasha Zuhura. Na kwa akili yangu, mawe mawili yakiwasha uzi uwe mwekundu, basi lile betri la gari lililokuwa chini ya meza, la kujaribia redio za madereva, litauwasha uwe mweupe. Nikafunga waya kwenye betri, nikagusa mguu wa kwanza.

Uliwaka mweupe kweli. Uliwaka mara moja, pap, ukatoweka. Nikadhani mkono umeteleza, nikagusa wa pili. Pap. Nikagusa wa tatu, wa nne, wa tano, kila mmoja ukinionyesha mwanga wa kupendeza kabla ya kuzima, na mimi nikiwa na haraka ile ile ya siku zote. Nilipofika wa tano ndipo nikanusa kosa langu. Nikatazama ndani ya kioo, nyuzi zimekatika zinaning'inia kama nywele. Nikakirudisha kwenye pamba, nikarudisha kopo, nikaenda kumenya karanga ambazo hakuna aliyeniagiza.

Baba aligundua jioni. Akatuita barazani, mimi na Zuhura, kichupa kiko kiganjani mwake. Hakupandisha sauti. Baba zetu hawakuwa na haja ya kupandisha sauti, si kama hawa vijana wa leo wanaomgombeza mtoto mpaka anawafundisha wao kunyamaza.

"Nani kakiunguza hiki?"

Zuhura alinitazama. Sijui kama kulikuwa na kitu machoni mwake au nilikiweka mimi.

"Si Zuhura ndo anayeshikaga," nikasema.

Baba alikirudisha kichupa kwenye pamba yake. Kisha akamwambia Zuhura ainuke kwenye meza mpaka atakapomwita. Zuhura hakujitetea. Aliokota kokoto zake za mdako akaenda uani. Na baba akakisogeza kile kigoda kwangu. "Kaa," akasema.

Nilikaa kwenye kigoda kile miezi mitatu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na kila siku baba aliniuliza, "Una la kusema, mwanangu?" Mimi nikadhani ananiuliza kuhusu redio, nikasema sina. Akawa ananionyesha waya huu na ule, mimi naunga, risasi inafifia, nabandua. Nilikuwa natazama rafu ya juu tu. Saa inataka tarakimu nne, na kwa mkono wangu zimebaki tatu. Barua ya Dar es Salaam ilipokuja kusema vifaa vimepatikana, baba aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, asiagize kitu. Nilijua kwa nini, au nilidhani najua. Mwezi wa nne nikasema meza inaniumiza mgongo. Zuhura akaitwa, akarudi mahali pake, wakaendelea na vicheko vyao.

Miaka ikaenda. Zuhura akafaulu, akawa mwalimu wa fizikia. Mimi nikakata tiketi za treni mpaka nikastaafu, nikiishi na saa za reli ambazo kwa lolote lile zilikuwa na haraka kuliko treni zenyewe. Baba alipofariki tuligawana kama sheria ilivyotaka, nami nikapata chumba cha mbele na cherehani ya mama. Lile kopo alikuwa amemwachia Zuhura kwa mdomo wake mwenyewe, angali hai, mimi nikiwa kazini. Watu walinipa pole nyingi matangani, na hawakujua nusu ya machozi yale ilikuwa ya kopo la maziwa.

Mwaka huu Zuhura kastaafu naye. Wenzake wakistaafu wanafuga kuku. Yeye anatengeneza saa. Anaagiza vichupa vya zamani vilivyolala kwenye maghala ya watu huko ng'ambo, anavipachika juu ya visanduku vya mninga, na chini yake anatia kipande cha kompyuta kidogo kuliko kiberiti, ambacho ndicho kinachohesabu. Vipande hivyo vikija vinajua saa za kizungu, Zuhura anavifundisha Kiswahili. Picha zinarushwa kwenye kundi la ukoo kwenye simu, na vijana wasioweza kubadilisha betri ya rimoti wanaandika "shangazi ni moto." Nami niliweka kidole gumba kimoja, tena baada ya siku mbili.

Kisha akarusha picha ya saa moja na maneno haya tu: "Vichupa vya mjomba." Sikuweka hata kidole gumba. Jumamosi nikavaa baibui nikaenda kwake.

Alinipokea vizuri, kama kawaida yake, na hilo nalo huwa linaniudhi. "Shikamoo, dada Mwamini." "Marahaba." Akaleta chai na matobolwa, maana mpaka leo anayaagiza Kigwa. Saa ilikuwa juu ya kabati. Niliitazama kwa pembe ya jicho huku nikijifanya natafuta sukari. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini, namba zinawaka nyekundu ile ile ya asubuhi ile, mbili za dakika na moja ya saa. Lakini kichupa cha mwanzo kabisa kilikuwa giza.

Moyo wangu ulipoa. Nakiri ulipoa kwa furaha. "Naona kimoja kimekufa," nikasema.

"Hakijafa," akasema Zuhura. "Kunywa chai."

Nikanywa. Tuliongea habari za bei ya mchele na harusi ya mtoto mmoja wa ukoo. Ikafika tisa na nusu, tisa na dakika arobaini, nami sikuwa namsikiliza tena. Nilikuwa nakitazama kile kichupa chenye giza na kukitambua. Ndani yake nyuzi zilining'inia kama nywele. Nikajiuliza kwa nini mtu mwenye vichupa vizuri vya kuagiza amekiweka hiki mbele, mahali pa kuonekana na kila mgeni. Nikajijibu kwamba ameniweka mimi pale. Nikataka kuaga, mguu ukakataa.

Adhana ya alasiri ilianza. Tisa na dakika hamsini na tisa ikageuka, na kichupa kile kikawaka. Nyuzi mbili za upande wa kulia ziliwaka taratibu, kama kaa linalopulizwa. Saa ikasoma kumi kamili.

"Pale mbele hapahitaji namba nyingine," Zuhura akasema. "Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Zote zinaanza na moja. Ikifika saa moja, kinalala tena."

Nilikuwa nimekiunguza nyuzi tano. Mbili nilizoziacha, kwa kuogopa na si kwa akili, ndizo zilizokuwa zinatosha.

"Ni mimi," nikasema. Nilikuwa bibi mwenye mjukuu, sauti ikatoka ya miaka kumi na miwili. "Kile kichupa niliunguza mimi."

"Najua, dada."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ileile." Akaizungusha bilauri yake mkononi. "Mjomba alinifuata uani. Akaniambia, wewe Zuhura unajua betri kubwa linaua, usingeligusa. Ni dada yako. Akasema nikae pembeni kidogo, akupe kigoda wewe, ukizoea utasema mwenyewe."

"Na ile barua ya vifaa? Mbona hakuagiza?"

"Alikuwa anakusubiri. Alikipima usiku uleule kwa mawe mawili, akakuta hizo mbili zinawaka. Alicheka sana. Akasema, hiki kinajua moja tu, na moja ndiyo tunayoitaka. Dada yako akija kusema nitamwonyesha, kisha saa tutaitengeneza sisi watatu." Akaiweka bilauri mezani. "Miaka yote nikija likizo nilikuwa namuuliza. Anasema bado."

Nilitegemea kulia kwa majuto, na majuto yalikuja, lakini hayakuja ya kwanza. Wa kwanza ulikuja wivu, mzima, kama ulikuwa mlangoni ukisubiri kukaribishwa. Baba alinijua, akanisamehe, akacheka, na vyote hivyo alimpa Zuhura. Hata kosa langu mwenyewe walikaa nalo wao wawili. Kigoda nilichodhani nimekipora walinikopesha. Na kila siku kwa miezi mitatu alikuwa ananiuliza kama nina la kusema, nami namjibu sina, namwonyesha waya.

"Mbona hukuniambia alipofariki?" nikamuuliza.

"Alisema useme wewe," akajibu. Halafu akainuka, akaishika saa kwa mikono miwili. "Ichukue, dada. Ikae kwako."

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili ningeichukua kabla hajamaliza kusema. Nikamwambia irudi kabatini. Kopo alipewa asiyesema uongo, na mimi nilikuwa nimechelewa kama treni zangu.

Enzi zetu mzazi alikuwa na subira ya kumngoja mtoto mpaka neno litoke lenyewe. Siku hizi tunawauliza kwa simu, na wasipojibu kwa dakika mbili tunawaandikia alama za kuuliza tatu. Mjukuu wangu nilimsimulia habari hii yote, akaniambia, "Bibi, si mngekipiga picha tu kile kichupa, baba yako angejua." Nikamwambia alijua. Akarudi kwenye simu yake.

Naishi chumba cha mbele, barazani hakuna meza, ubani unanukia kwa majirani tu. Lakini kila siku ikikaribia saa kumi jioni nampigia Zuhura. Siulizi habari za mchele wala za harusi. Namuuliza kama kimewaka. Ananiambia subiri, nasikia kiti kikisogea, nasikia adhana ya kwao ikitangulia ya kwetu.

"Kimewaka, dada," anasema, na mimi namwonea wivu.